Unalala na jiko la mkaa ndani? Ule mkaa uliokolea, usio na moshi, ndio wa kuogopa

Pita Isaka au Lusahunga saa tisa usiku mwezi wa saba. Malori yamejipanga, dereva na utingo wake wamejikunyata kwenye kabini. Ingia machimboni, Rwamgasa, Nyarugusu au Mwakitolyo, utakuta vijana wamelala kwenye vibanda vya maturubai, wengine na nguo zenye unyevu wa shimoni.

Baridi ya huku si ya Njombe, hilo tukubaliane. Lakini Shinyanga na Geita ziko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na kipindi cha kipupwe, Juni hadi Agosti, usiku joto linaweza kushuka hadi nyuzi 15 hivi. Ukiwa umelala chini na turubai linapitisha upepo, hiyo inatosha kumfanya mtu aliyechoka aingize jiko la mkaa ndani, "lipashe kidogo tu".

Asubuhi wenzake wanaita, kimya. Habari ikitoka inasema "walikosa hewa". Na hapo ndipo tunapopotea, maana ukisikia "kukosa hewa" unawaza chumba kisicho na hata tundu. Unajiambia kibanda changu kina matundu kibao, mimi niko salama.

Mara nyingi kinachoua hapo ni sumu, siyo kukosa hewa.

Sumu yenyewe ni ipi?

Inaitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala koo. Mkaa ukiwaka bila kupata oksijeni ya kutosha, inatoka hiyo.

Ukiivuta inaingia kwenye damu na kukaa mahali pa oksijeni. Chembe zinazobeba oksijeni kwenye damu huishika gesi hii kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko zinavyoishika oksijeni. Kwa hiyo unaweza kuwa unapumua vizuri kabisa, kifua kinapanda na kushuka, huku ubongo na moyo havipati kitu. Aliyelala haamki, kwa sababu hakuna kinachomshtua. Na aliyepiga pombe kabla ya kulala ndiyo kabisa.

"Lakini mkaa ulishakolea"

Hili hata mimi niliwahi kuliamini. Wengi tumekua tukiona jiko linawashwa nje, linapepewa mpaka moshi uishe, makaa yawe mekundu, ndipo linaingizwa ndani. Tunadhani sumu imetoka na moshi.

Moshi ule wa mwanzo unatokana na unyevu na mabaki ya kuni ambayo hayakuiva vizuri kwenye tanuri. Ukiisha, sumu haijaisha. Hewa inapopanda katikati ya makaa mekundu, oksijeni inatumika, na ile hewa ya ukaa inayotengenezwa chini ikigusana na makaa ya moto yaliyo juu inageuka kuwa kaboni monoksaidi. Jiko lililokolea vizuri, limetulia, linang'aa, ndilo linaloitoa kwa wingi bila dalili yoyote ya kukuonya. Hata yale makaa yaliyofunikwa na majivu, unayodhani yamekufa, bado yanaitoa.

Kuacha dirisha wazi kidogo? Huwezi kujua kama "kidogo" hiyo inatosha, na baridi ikizidi mtu huamka akalifunga. Ndoo ya maji pembeni ya jiko nayo haisaidii, gesi hii karibu haiyeyuki kwenye maji. Jiko dogo la gesi ndani ya turubai lililofungwa si salama pia, kwani nalo linakula oksijeni na linaweza kutoa sumu hiyohiyo.

Wachimbaji wanaijua, ila kwa jina lingine

Kinachoniumiza kichwa kwenye stori hii ni kwamba watu wa machimbo hawahitaji kufundishwa habari za hewa mbaya. Baruti ikishalipuliwa kwenye duara, hakuna anayejua kazi atakayeshuka papo hapo. Wanasubiri, na wenye kompresa wanapuliza hewa chini kwanza. Katika moshi ule wa baruti kaboni monoksaidi imo.

Imo pia, tena nyingi sana, kwenye moshi wa pampu ya maji ya petroli. Ndiyo maana kuishusha pampu shimoni ili ivute maji vizuri ni kujichimbia kaburi: inajaza duara sumu, wa kwanza anaanguka, wa pili anashuka kumwokoa naye anaanguka, na wa tatu. Injini ya petroli inatakiwa kubaki juu, mbali na mdomo wa shimo, na ikiwa haiwezi kuvuta kutoka huko, tumia pampu ya umeme ya kuzamisha.

Mtu huyohuyo anayesubiri moshi wa baruti uishe mchana, usiku anaingiza jiko kwenye turubai lenye watu wanne. Gesi ni ileile, na turubai ni dogo kuliko duara.

Uingereza wachimbaji wa makaa ya mawe walikuwa wakishuka na ndege wadogo aina ya kanari kwenye vizimba, kwa sababu ndege analegea kabla ya binadamu. Walikuja kuachana nao mwaka 1986, vilipoingia vipimo vya kielektroniki. Leo kuna ving'ora vidogo vya betri vya kupima kaboni monoksaidi. Mwenye kambi ya watu ishirini angekuwa navyo ingekuwa jambo zuri. Ila angalia usinunue king'ora cha moshi, hicho ni kitu tofauti.

Kwenye kabini je?

Kabini ya lori ni chumba kidogo kuliko chochote unacholala nyumbani, kwa hiyo jiko hata lenye makaa manne matano halipaswi kuingia humo. Wapika chai pembeni ya lori wanalijua jiko lao, tatizo linaanza wanapolipandisha juu baada ya chai.

Kulala injini ikiwa inanguruma ili hita ifanye kazi nako kuna shida yake, hasa kama bomba la moshi limetoboka au umeegesha kwenye yadi iliyobanana. Malori yaliyotumika Ulaya wakati mwingine huja na hita ndogo ya dizeli ya kulalia. Hiyo imeundwa kuvuta hewa ya nje na kutoa moshi nje, na ikiwa nzima ni salama. Ikiwa bomba lake limekatika chini ya kabini, usiiwashe.

Malaria au jiko?

Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kuishiwa nguvu. Kwa mtu wa Geita hiyo ni malaria, si ndiyo? Anameza dawa, anarudi kulala palepale.

Angalia mambo haya: hakuna homa, mliolala pamoja mnaumwa kichwa kwa pamoja, na ukitoka nje ukakaa saa kadhaa unapata nafuu, kisha usiku ukirudi ndani kinaanza tena. Mama mjamzito na watoto wadogo wanaathirika haraka zaidi, na kwenye kambi wapo, mama lishe wengi wanaishi humohumo na watoto wao.

Joto bila jiko

Jikoni tumia moto nje, na ndani ingiza joto lililokwishapikwa. Chemsha maji, yaache yapoe kidogo, jaza kwenye chupa imara yenye kizibo kinachokaza, ivishe soksi, weka miguuni au tumboni.

Vua nguo mbichi kabla ya kulala, zote, hasa soksi. Halafu fikiria zaidi kilicho chini yako kuliko kilicho juu: ardhi inanyonya joto la mwili kuliko upepo. Maboksi yaliyofunguliwa, viroba vilivyojazwa nyasi kavu, mkeka, kisha godoro. Blanketi mbili juu ya ardhi tupu hazikufikishi popote. Kofia kichwani, na kula kitu cha moto kabla ya kulala.

Ukimkuta mtu amezimia

Fungua kila kitu, mtoe nje haraka, lakini usikae ndani kuchunguza. Kama ni shimoni usishuke bila hewa kupulizwa, piga 114 ya Zimamoto na Uokoaji. Usimnyweshe maziwa. Hayatoi sumu hii, na aliyezimia yanaweza kumpalia. Kama hapumui na unajua kumsaidia kupumua, anza.

Kwa hewa ya kawaida, nusu ya sumu hutoka kwenye damu baada ya saa 4 hadi 6. Kwa oksijeni ya hospitali ni kama saa moja na nusu. Kwa hiyo hata akizinduka, mpeleke.

Mkifika, sema wazi kwamba alilala na jiko. Kile kipimo cha kubana kidoleni hakiwezi kutofautisha oksijeni na kaboni monoksaidi, kinaweza kuandika asilimia 98 kwa mtu anayekufa. Na akiruhusiwa, wenzake wamwangalie wiki kadhaa: akianza kusahausahau, kuchanganyikiwa au kutembea vibaya, arudishwe, maana madhara kwenye ubongo yanaweza kujitokeza baadaye wakati kila mtu ameshasahau habari ya jiko.