Zeituni Isiyo na Kokwa

Mhudumu anafungua chupa ya kioo iliyojaa mafuta. Ndani yake kuna zeituni za kijani, laini, zinazometameta. Anaopoa moja kwa kijiko chenye matundu, anaihamishia kwenye kijiko chako, kisha anakuonya: itie yote kinywani, usiing'ate nusu. Unafumba mdomo. Ulimi unaigusa kidogo tu, nayo inapasuka. Hakuna nyama wala kokwa. Kilichobaki ni maji mazito yaliyojaa kinywa kizima, yenye uzeituni kuliko zeituni yoyote uliyowahi kutafuna.

Kionjo hicho kilibuniwa mwaka 2005 katika elBulli, mgahawa uliokuwa kando ya ghuba ndogo ya Cala Montjoi, nje ya mji wa Roses, kaskazini-mashariki mwa Hispania. Mpishi wake mkuu alikuwa Ferran Adrià, aliyefika hapo kijana miaka ya 1980, na ukumbi uliongozwa na mwenzake Juli Soler. Mgahawa ulipata nyota ya tatu ya Michelin mwaka 1997, ukashika namba moja mara tano katika orodha ya migahawa 50 bora duniani, kisha ukafungwa kwa hiari ya wenyewe tarehe 30 Julai 2011, wakati watu wakiwa bado wanagombania meza. Ukiketi leo katika mgahawa wa aina hii, uwe Chicago au Copenhagen, mengi utakayowekewa mbele yako yana ukoo na jiko lile.

Nikiwaeleza watu milo hii, swali la kwanza huwa lilelile: sasa hao watu wanashiba? Wanashiba, tena wengine wanashindwa kumaliza. Mlo wa elBulli ulikuwa na vionjo 30 na zaidi, vingine vya tonge moja tu, vikija kimoja kimoja kwa saa tatu au nne. Mgeni hachagui. Anasema mapema asichokula na kinachomdhuru, baada ya hapo mpishi ndiye anayeamua nini kitangulie na nini kifuate. Vingi vililiwa kwa mkono, bila uma wala kisu, na hapo Mswahili angekaa sawasawa kuliko Mwingereza.

Ila swali la kushiba si swali lenyewe. Kiswahili kina neno jingine linalofaa zaidi: kukinai. Mtu aliyeshiba tumbo lake limejaa. Aliyekinai bado ana nafasi tumboni, lakini chakula kile hakitaki tena. Ndiyo sababu mgeni wa harusini anayekataa pilau sahani ya pili hukutwa dakika tano baadaye akinyoosha mkono kwenye halua. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti Barbara Rolls na Edmund Rolls waliyapima mambo haya kwa majaribio. Walikuta kwamba utamu wa chakula ulichokula unapungua haraka kadiri unavyoendelea kukila, huku vyakula usivyogusa vikibaki na mvuto wao karibu wote. Tonge la kwanza lina raha kubwa, la kumi lina raha ndogo. Menyu ya vionjo imejengwa juu ya jambo hilo. Mpishi anakuondolea chakula kabla hujakikinai na kukuletea kingine chenye harufu, joto na ugumu tofauti, ili kila tonge liwe la kwanza.

Turudi kwenye zeituni, maana kemia yake inapendeza.

Kinachoishika ni utando wa aljinati, inayotolewa kwenye mwani wa kahawia wa bahari za baridi. Ni nyuzi ndefu mno, na zikiwa na sodiamu huyeyuka majini, kila uzi ukielea kivyake kama tambi katika sufuria yenye maji mengi. Tia kalsiamu, mambo yanabadilika. Sodiamu ina mkono mmoja wa kushikia, kalsiamu ina miwili: mmoja unashika uzi huu, mwingine unashika uzi wa jirani. Nyuzi zinafungana hapohapo na kuwa utando. Viwanda vya chakula viliufahamu ufundi huu miongo kadhaa kabla ya Adrià. Alichofanya yeye na wenzake, mwaka 2003, ni kuutoa kiwandani na kuupeleka mezani.

Njia ya kwanza ni kuchanganya aljinati na juisi, kisha kudondosha matone katika maji yenye kalsiamu. Unapata vishanga kama mayai ya samaki. Kasoro yake ni kwamba kalsiamu haijui kusimama. Hata ukikitoa kishanga na kukisuuza, inaendelea kupenya ndani, na baada ya dakika chache badala ya maji una goroli ya jeli. Kwa hiyo mpishi anashindana na saa, na mhudumu anatembea upesi.

Njia ya pili inageuza mambo. Kalsiamu inatangulia kutiwa ndani ya chakula chenyewe, na aljinati, kama gramu 5 kwa lita, inabaki kwenye maji ya nje. Utando unajengeka kuelekea nje, na ukikitoa kitu majini unakoma kukua. Kitovu kinabaki majimaji. Zeituni ya elBulli ilitengenezwa hivyo: zeituni halisi zikakamuliwa, maji yake yakatiwa kalsiamu, yakadondoshwa kwa kijiko, kisha yakahifadhiwa katika mafuta yaliyotiwa viungo. Maziwa na mtindi navyo hupitia njia hii, kwa sababu vina kalsiamu yake vyenyewe na vingeganda ovyo kabla hujadondosha tone.

Niliwahi kujaribu njia ya kwanza nyumbani kwa juisi ya ukwaju. Nilipata uji wa mabongemabonge. Aljinati haipatani na ukali: kitu kichachu kama ukwaju au ndimu kinaizuia isiyeyuke, hivyo lazima kwanza upunguze ukali kwa chumvi ya sitrati, au upite njia ya pili. Kosa langu lilikuwa la kutopima. Majikoni huko mizani ya kupima sehemu za gramu ni kitu cha lazima kama kisu.

Msomaji wa Paje au Jambiani huenda ameshaanza kuuliza kama mwani huo ni ule wao. Si ule, ingawa nao hutumika kugandisha. Mwani unaolimwa Zanzibar tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, kazi inayofanywa zaidi na wanawake, wakifunga vipando kwenye kamba maji yakipwa, ni wa jamii ya mwani mwekundu. Hautoi aljinati, unatoa karajinani. Ule mwembamba hutoa jeli laini inayonepa kama sponji, ule mnene hutoa jeli ngumu inayokatika. Wapishi huziita aiota na kapa, na zote mbili zimo katika seti ya unga wa kugandishia iliyouzwa kwa jina la Adrià na ndugu yake Albert. Kinachonikera ni kwamba mwani mnene, wenye bei nzuri zaidi, ndio unaokufa maji ya bahari yakizidi joto.

Kwa meza zetu jeli hizi za mwani zina jambo jingine. Jelatini ya kawaida hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, mara nyingi nguruwe, kwa hiyo Mwislamu anayeketi kwenye mlo wa namna hii ana haki ya kuuliza kila kilichoganda kimegandishwa na nini. Mwani hauna shida hiyo. Jelatini pia huyeyuka karibu na joto la mwili. Agari, ambayo nayo ni zao la mwani mwekundu, ikishaganda haiyeyuki mpaka ikaribie nyuzi 85. Ndiyo maana mwaka 1998 elBulli waliweza kuandaa jeli ya moto, jambo ambalo kabla yake lilionekana kama kusema barafu ya moto.

Ulimi hauli peke yake. Heston Blumenthal, katika mgahawa wake wa Fat Duck kijijini Bray, Uingereza, aliandaa mlo wa vitu vya baharini ambao huletwa pamoja na kombe la bahari. Ndani ya kombe kuna kifaa cha muziki, mgeni anavaa visikizi na kusikia mawimbi huku akila. Charles Spence wa Chuo Kikuu cha Oxford alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba ukiikuza sauti ya kutafuna kaukau za viazi, mlaji huziona mpya na kavu zaidi. Wengine huita haya yote kiinimacho. Mimi nadhani kiinimacho ni pale sauti inapoficha samaki mbaya.

Gharama yake ni kubwa, na siyo ya mgeni peke yake. Menyu ya elBulli miaka ya mwisho ilikuwa takriban euro 250 bila vinywaji, ukumbi ukichukua wageni wapatao 50, na jikoni wapishi karibu 40. Hesabu hiyo haikutosha. Mgahawa ulifunguliwa kama nusu mwaka tu, miezi mingine timu ikibuni vionjo vipya katika karakana yao Barcelona, na fedha zilitoka kwenye vitabu, ushauri na mikataba. Na wengi wa wapishi wale walikuwa wanagenzi wasiolipwa, waliotoka nchi mbalimbali kudondosha zeituni moja moja kwa msimu mzima. Mgahawa wa Noma wa Copenhagen ulianza kuwalipa wanagenzi wake mwaka 2022. Mpishi anayekwambia kwamba kila kionjo kinasimulia hadithi, muulize na hadithi ya aliyekidondosha.

Jengo la Cala Montjoi sasa ni makumbusho yaitwayo elBulli1846, kwa hesabu ya vionjo vilivyoorodheshwa humo, kila kimoja na mwaka wake. Yalifunguliwa mwaka 2023. Unakata tiketi, unapita jikoni, unatazama picha na maelezo ya namna kila kitu kilivyobuniwa. Chakula hakiuzwi. Ukisikia njaa unarudi Roses kwa ile barabara ya kona kona, ukaagize zeituni zenye kokwa.