Ukoo wa Viwavijeshi na Fedha za Chama

Katika chama cha msingi, jina linaloandikwa kwenye hati ya kuagizia dawa ndilo linaloamua fedha za wanachama ziende wapi. Kwa miaka mingi jina "viwavijeshi" lilikuwa na maana moja tu. Tangu mwaka 2017 lina maana mbili, na elimu ya chembe za urithi ndiyo iliyothibitisha tofauti hiyo pasipo shaka. Makala haya yaeleza elimu hiyo imegundua nini juu ya nondo wazaao viwavi hao, na kwa nini jambo hilo lawahusu wakulima wa Mazinde na wenzao wa milima ya Usambara.

Wadudu wawili, jina moja

Kiwavijeshi wa zamani ni mzaliwa wa Afrika. Nondo wake husafiri na upepo mvua zinapoanza, na watoto wao hutokea kwa makundi makubwa, wakatembea pamoja wakila nyasi, mahindi, mpunga na mtama. Baada ya majuma machache hutoweka, kwa sababu nondo wapya huhamia mahali pengine. Mkulima aweza kupita misimu kadhaa asimwone.

Kiwavijeshi vamizi ni mgeni, na asili yake ni bara la Amerika. Mwaka 2016 alitambuliwa Nigeria, Benin, Togo na Sao Tome, na mwaka 2017 akafika Tanzania na Kenya. Huyu aghalabu hatembei kwa jeshi. Hujificha ndani ya moyo wa mhindi, akatoboa majani machanga na kuacha kinyesi kama unga wa mbao. Wala hahitaji kuhama: penye joto na mahindi, kama katika mashamba ya tambarare yanayomwagiliwa maji, huzaliana mwaka mzima.

Kiwavi aliyekomaa hutambulika kwa alama ya herufi Y iliyopinduliwa kichwani, na madoa manne meusi yaliyopangwa mraba karibu na mkia. Lakini viwavi wadogo, na nondo waliochakaa mabawa, huwatatiza hata wataalamu. Hapo ndipo hapana budi kusoma urithi wao.

Jinsi udugu unavyosomwa

Kila kiumbe hubeba vinasaba, yaani maagizo ya mwili yaliyoandikwa mithili ya maandishi yenye herufi nne tu. Maagizo hayo hunakiliwa kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto, na mara chache hutokea kosa la kunakili.

Makatibu wa vyama wataelewa upesi. Daftari la wanachama likinakiliwa kwa mkono na jina moja likakosewa, kila nakala itakayotolewa katika nakala ile itabeba kosa lilelile. Mkaguzi akiletewa madaftari kumi, aweza kwa kulinganisha makosa kujua lipi lilitokana na lipi. Ndivyo wafanyavyo wataalamu wa nondo. Nondo wenye mabadiliko yaleyale ni wa ukoo wa karibu. Wenye tofauti nyingi waliachana zamani. Mguu mmoja wa nondo watosha kwa kazi hiyo.

Kwa njia hii yaonekana kwamba viwavijeshi hawa wawili ni wa ukoo mmoja lakini wa matawi mbalimbali. Mgeni si mwenyeji aliyebadili tabia. Zaidi ya hayo, huko kwao Amerika mgeni huyu ana matawi mawili yasiyoweza kutofautishwa kwa macho: moja hupatikana zaidi katika mahindi, la pili katika mpunga na majani ya malisho.

Ili kuyatenganisha, wataalamu husoma urithi wa pande mbili. Sehemu moja ya vinasaba hutoka kwa mama peke yake. Sehemu nyingine, kwa nondo jike, hutoka kwa baba. Katika mahindi ya Afrika walikuta viwavi wengi wenye alama ya tawi la mpunga upande wa mama, na alama ya tawi la mahindi upande wa baba. Maana yake ni kwamba wengi wao ni wazawa wa mchanganyiko. Uchunguzi wa kwanza uliwafananisha na nondo wa Florida na visiwa vya Karibi. Uchunguzi wa baadaye, uliosoma vinasaba kwa mapana zaidi, ulionyesha kwamba yaelekea waliingia zaidi ya mara moja.

Faida kwa mkulima

Mgeni hakuja mikono mitupu. Huko Amerika alikuwa amepuliziwa dawa kwa miaka mingi. Katika vinasaba vya viwavi waliokamatwa Afrika yamekutwa mabadiliko yanayopunguza nguvu ya dawa za jamii ya oganofosfeti na kabamati. Kwa hiyo chama kinachoagiza dawa ya jamii hizo kwa sababu tu "ndiyo iliyotumika zamani kwa viwavijeshi" chaweza kuwatwisha wanachama deni bila kuokoa zao.

Habari njema pia ipo. Utafiti uliofanywa mwaka 2017 katika Ethiopia, Kenya na Tanzania ulikuta nyigu wadogo wenyeji wameanza kutaga mayai ndani ya viwavi wageni na kuwaua. Dawa inayopulizwa ovyo huwaua na nyigu hao.

Wakulima wa nyanya wa Lushoto wanao mfano wao. Kantangaze, nondo aliyeingia Tanzania mwaka 2014, asili yake ni Amerika ya Kusini. Mwaka 2015 wataalamu walionyesha kwa vinasaba kwamba kizazi kilichoenea kandokando ya Bahari ya Mediterania kilitokana na uingiaji mmoja tu, kutoka Chile ya kati. Shehena moja yenye wadudu ilitosha. Kwa hiyo ukaguzi wa mazao na miche mipakani si usumbufu wa bure.

Yanayompasa katibu

Kwanza, kabla ya kuagiza dawa, chama kihakikishe ni kiwavi yupi aliye shambani, kwa kutazama alama za kichwani na mkiani. Pili, hati itaje jamii ya dawa, si jina la biashara pekee, na jamii zibadilishwe kwa zamu kwa ushauri wa Bwana Shamba au Bibi Shamba. Tatu, wanachama wahimizwe kukagua mahindi yakiwa machanga na kuponda mayai kwa mkono, maana kiwavi akishazama katika moyo wa mhindi, dawa haimfikii kwa urahisi. Nne, dawa inaposhindwa ingawa imetumika kama ilivyoagizwa, viwavi wachache wahifadhiwe katika spiriti safi, si formalini, kwa kuwa formalini huharibu vinasaba. Chupa iandikwe kijiji, zao na tarehe, ipelekwe kwa afisa ugani ili ifike kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu.

Chupa hiyo ndogo yaweza kukiepusha chama na hasara ya msimu mzima.