Simu ya bei rahisi inavyoweza kumgharimu mkulima zaidi

MKULIMA wa korosho wa Mtwara au Lindi akishalipwa fedha zake za mnada, kuanzia mwezi Oktoba, simu ya kupangusa huwa miongoni mwa vitu vya mwanzo anavyovitafuta. Mara nyingi kinachoamua anunue ipi ni bei aliyotajiwa dukani. Bei hiyo, hata hivyo, si gharama ya simu.

Tuseme simu ya Sh150,000 inafanya kazi mwaka mmoja na nusu kabla ya kuanza kuganda kiasi cha kutofaa, na ya Sh300,000 inadumu miaka minne. Ya kwanza imemgharimu mwenyewe Sh100,000 kwa mwaka, ya pili Sh75,000. Aliyedhani ameokoa fedha ndiye aliyetumia nyingi.

Malalamiko ya watumiaji wa simu za bei ya chini yanafanana, na mara chache yanahusu kamera, ingawa kamera ndiyo muuzaji anayoisifia zaidi. Kinachowasumbua ni nafasi kujaa. Simu yenye hifadhi ya gigabaiti 16 hutumia sehemu kubwa ya hifadhi hiyo kwa mfumo wake wenyewe na programu zilizowekwa kiwandani, ambazo baadhi haziondoleki. Nafasi inayobaki humalizwa na picha na video za makundi ya WhatsApp: la harusi, la msiba, la chama cha ushirika. Memori kadi husaidia kutunza picha, lakini haiongezi RAM, na RAM ikiwa ndogo simu hukwama hata kama kadi ina nafasi tele.

Google ilitambua tatizo hilo mwaka 2017 ilipotangaza Android Go, mfumo mwepesi uliolenga simu zenye RAM ya gigabaiti 1 au pungufu. Lakini kufikia toleo la Android 13, lililotoka mwaka 2022, kiwango cha chini kilipandishwa hadi gigabaiti 2. Kwa hiyo simu iliyotengenezewa mtu wa kipato kidogo iliachwa nyuma na mfumo ule ule uliobuniwa kwa ajili yake.

Kuachwa nyuma si jambo la fahari tu. Oktoba 24, 2023, WhatsApp ilisitisha huduma kwa simu za Android zilizo chini ya toleo la 5.0. Kwa mkulima anayepata bei ya nyanya kupitia kundi la madalali, siku hiyo simu yake iligeuka tochi ya gharama kubwa.

Upo pia upande wa shambani. Programu ya Nuru, iliyotengenezwa na PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Penn State kwa kushirikiana na taasisi ya utafiti ya IITA, hutambua batobato na michirizi kahawia ya muhogo kwa kuelekeza kamera kwenye jani, tena bila intaneti. Simu ikishajaa, programu kama hiyo ndiyo ya kwanza kufutwa ili video za harusi zipate mahali.

Wapo wanaokimbilia simu kubwa zilizokwisha kutumika, na hoja yao ina uzito. iPhone 6s ya mwaka 2015 ilipokea matoleo mapya ya mfumo hadi iOS 15 ya mwaka 2021. Tatizo ni betri. Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba programu yake ilikuwa ikipunguza kasi ya simu zenye betri iliyochoka ili zisizimike ghafla. Anayenunua simu ya mtumba bila kuuliza hali ya betri ananunua safari za kwa fundi.

Kwa simu mpya, Samsung iliahidi miaka sita ya maboresho kwa Galaxy A16 ya mwaka 2024, ambayo si ya daraja la juu. Ahadi ya namna hiyo inafaa kuulizwa dukani kabla ya idadi ya kamera.

Kwa nini basi watu wanaendelea kununua ya Sh150,000? Kwa sababu Sh300,000 hazipatikani kwa mkupuo. Nchini Kenya, Safaricom ilianzisha Lipa Mdogo Mdogo mwaka 2020, mnunuzi akitoa malipo ya awali na kisha Sh20 za Kenya kwa siku. Mpango wa aina hiyo unamfaa bodaboda au mama lishe, ambaye kila jioni ana chochote mkononi. Mkulima wa korosho hana mapato ya kila siku. Mwezi Machi fedha za mnada zimekwisha, na simu za mkopo kwa kawaida hufungwa malipo yanapokoma. Mkopo unaolipwa wakati wa mnada ungemfaa zaidi, na chama cha msingi, ambacho ndicho kinachopokea korosho zake, kingeweza kuusimamia.

Kwa sasa wengi wanatembea na mbili. Ya kupangusa ni ya WhatsApp, na kitochi ni cha kupiga, kutuma fedha kwa *150*00# na kukaa na chaji siku kadhaa pale ambapo umeme haujafika.