Mchezo wa Kutupa Kiatu cha Farasi



Wengi wetu tumemwona farasi katika picha tu. Kule Marekani farasi huvalishwa viatu vya chuma, vilivyopinda sawa herufi U. Viatu vikichakaa, watu waliviokota wakavitupa kwa kulenga kigingi. Mchezo ule umekuwa na mabingwa wake, na mmoja ni Ted Allen, aliyezaliwa mwaka 1908 katika jimbo la Kansas.

Kwanza kanuni. Vigingi viwili vya chuma vinasimikwa, toka kimoja mpaka kingine metre 12 na kidogo. Kila mchezaji ana viatu viwili, kimoja kisipite kilo moja na gramu 200. Ukikivisha kigingi, pointi 3. Usipokivisha, lakini kiatu chako kikawa karibu kuliko cha mwenzako, pasipo kupita sentimetre 15, pointi 1. Sasa muangalie hapa: wewe ukivisha na mwenzako akivisha, vinafutana, hakuna anayepata kitu. Mabingwa wawili wanaweza kuvisha na kuvisha, hesabu haisogei, mpaka mkono wa mmoja utetemeke.

Wengine watasema ni nguvu. Hapana. Kiatu kinazunguka hewani, na lazima kifike mdomo wake ukitazama kigingi. Kikifika kwa mgongo, kinagonga na kuruka. Mwaka 1920 George May, mzima moto wa mji wa Akron, alishinda mashindano makubwa kule Florida, juu alijua kukishika hata kikafika wazi karibu kila mara. Tangu hapo, anayetegemea bahati anashindwa tu. Kuna wanaokizungusha mara moja na robo, kuna wa mara moja na robo tatu.

Allen alipata ubingwa wa dunia mara ya kwanza Chicago mwaka 1933, na mara ya kumi mwaka 1959. Hesabuni wenyewe miaka ile! Katika shindano moja alivisha viatu 72 mfululizo. Lakini mimi namsifu zaidi kwa kuwa hakuficha ufundi wake. Alizunguka akiuonyesha mbele ya watu, na katika mji wa Boulder alitengeneza viatu vya mchezo vyenye jina lake, ili wengine nao watupe.

Juu ya nini tunaandika haya? Saa ya michezo, watu 22 wanacheza mupira, na sisi wengine tunakaa chini ya mwembe. Mwenye mguu mgonjwa hachezi hata siku moja. Katika mchezo huu hakuna kukimbia. Wanawake, vijana na wazee waliopita miaka 70 wanaruhusiwa kutupa toka metre 9 tu.

Farasi hatuna, lakini fundi chuma anaweza kukunja vyuma vya kujengea, aache mdomo wa sentimetre 9 hivi. Kigingi kisimame sentimetre 38 juu ya udongo, kimeinama kidogo kuelekea mwenzake. Mchanga wa ziwa haufai sana, kiatu kinateleza. Tuchukue udongo wa matofali, tuumwagie maji, utakikamata palepale. Na watazamaji wakae mbali: kilo moja ya chuma ikikupata mguuni, utalala dispansere.