MFUKO WA NAILONI SI MFUNIKO WA SUFURIA



Ukienda kwenye harusi kijijini, pita kidogo nyuma ya nyumba wanapopikia akina mama. Utakuta sufuria kubwa ya pilau iko juu ya mafiga. Mara nyingi utaona na kitu kingine. Juu ya pilau, chini ya mfuniko, pametandazwa mfuko wa nailoni. Muulize mpishi: "Shikamoo mama. Mfuko huu ni wa nini?" Ataitikia marahaba, kisha atakujibu: "Mwanangu, mfuniko umepinda. Mvuke ukitoka, wali wa juu hauivi."

Kuhusu mvuke, mama huyo anasema kweli. Mvuke ndio unaoivisha wali wa juu, na ndio unaolainisha nyama ngumu. Hapa kwetu Dodoma tuna sababu zaidi ya kuutunza. Mji wa Dodoma uko juu ya usawa wa bahari kwa mita zaidi ya 1,100. Mahali palipoinuka, maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100 za sentigredi. Kwetu huchemka kwenye nyuzi kama 96 hivi. Basi maharage na jogoo mzee huchelewa kuiva kuliko kule Dar es Salaam, na kuni tunazitafuta mbali. Hakuna anayependa kupoteza mvuke.

Lakini mfuko ule haufai. Tueleze kwa nini.

Baadhi ya watu husema, "Mbona Wazungu huoka kuku ndani ya mfuko?" Ni kweli. Uko mfuko wa kuokea, na hata katika miji yetu huonekana kwenye maduka makubwa. Kuku hutiwa ndani pamoja na kijiko cha unga, mfuko hufungwa, hutobolewa matundu machache ya kutolea mvuke, kisha huwekwa ndani ya oveni. Nyama huiva kwa maji yake yenyewe. Mfuko huo umetengenezwa kwa nailoni ya kweli au plastiki nyingine inayostahimili moto wa nyuzi kama 200. Hata hivyo una masharti. Usiguse kuta za oveni. Usiwekwe juu ya mkaa wala juu ya moto wa kuni. Ukishatumika mara moja, hutupwa.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Mfuko wa dukani nao tunauita "nailoni". Jina ni moja, vitu ni viwili. Ule wa dukani, tuliouita rambo, si nailoni hata kidogo. Ni plastiki nyepesi ya namna nyingine, nayo huanza kuyeyuka kwenye nyuzi kati ya 105 na 130. Mvuke peke yake haufiki huko. Lakini ukingo wa sufuria iliyo juu ya moto hufika na kupita. Mfuniko uliowekewa makaa hupita mbali sana. Ndiyo maana wakati mwingine unakuta mfuko umekunjamana na kugandia ukingoni. Kipande kilichopotea kimekwenda wapi? Kimeingia kwenye pilau.

Hata usipoyeyuka, mfuko una madhara. Plastiki huchanganywa na rangi na kemikali nyingine kiwandani. Chakula cha moto, hasa chenye mafuta, huzivuta kemikali hizo. Mifuko myeusi ni ya kuogopwa zaidi, kwa kuwa mara nyingi hutengenezwa kwa plastiki kuukuu iliyookotwa, na huwezi kujua kabla ya hapo ilibeba nini. Baadhi ya kemikali za plastiki huvuruga homoni, yaani vichocheo vinavyoongoza ukuaji wa mwili na uzazi. Hutaumwa tumbo siku hiyohiyo. Hii ndiyo sababu wengi hawaamini.

Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa kuanzia tarehe 1 Juni 2019. Sababu kubwa ilikuwa uchafuzi wa mazingira. Lakini mifuko ya kufungia bidhaa bado imo majumbani mwetu, na ndiyo inayofunikiwa vyakula siku hizi. Wazee waliojifunza katika kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973, na ile ya Chakula ni Uhai mwaka 1975, hawakuonywa juu ya jambo hili. Wakati huo watu walikwenda sokoni na vikapu.

Basi tutumie nini? Tutumie chungu au sufuria nzito yenye mfuniko unaokaa sawasawa, na tupalie makaa juu. Maarifa haya si mageni. Watu wa pwani hupalia wali tangu zamani. Huko Ulaya na Marekani nako wanacho chungu kizito cha chuma, chenye mfuniko wa kuwekewa makaa. Kwa Kiingereza huitwa oveni ya Kiholanzi. Mwingereza mmoja, Abraham Darby, alikwenda Uholanzi kuangalia namna mafundi wa huko walivyosubu vyombo. Mwaka 1707 alipata hataza ya kusubu vyungu vya chuma kwa kutumia mchanga. Chuma kinene hushika joto muda mrefu, hulisambaza pole pole, na hakina plastiki ya kuyeyukia kwenye chakula.

Tahadhari moja. Kuna sufuria nzito zinazosubiwa kienyeji kwa vyuma chakavu vya alumini. Watafiti waliopima sufuria za namna hiyo katika nchi kadhaa, ikiwemo Kameruni, walikuta zinatoa madini ya risasi. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto. Kama unayo sufuria ya aina hiyo, usipikie humo vitu vichachu kama ukwaju, ndimu au nyanya, wala usilaze chakula ndani yake. Chungu cha udongo kisichopakwa rangi ni bora kuliko sufuria hiyo.

Mfuniko ukipinda, mpelekee fundi aunyooshe. Wakati unangoja, kanda unga kidogo uwe mgumu, uzungushe ukingoni kama kamba, kisha ubandike mfuniko na kuweka jiwe safi juu. Usitumie kipande cha bati la kuezekea, kwa sababu limepakwa zinki.

Pikia nje, au mahali penye hewa nyingi. Mkaa hutoa hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu, na imekwisha kuua watu waliolala na jiko ndani.

Kwa kuku wa kienyeji, fanya hivi. Mpake chumvi na kitunguu. Tia sufuriani kijiko cha mafuta na nusu kikombe cha maji, kisha mweke kuku. Funika. Weka makaa machache chini na machache juu. Mtetea huchukua kama saa moja na nusu. Jogoo mzee huchukua saa mbili au zaidi. Kila baada ya nusu saa funua upesi uone kama maji yapo. Mwishoni choma paja kwa kisu, pale penye nyama nene. Maji yakitoka mekundu, bado. Yakitoka meupe, na mfupa usipokuwa na damu, ameiva. Ukitaka ngozi iwe ya kahawia, ondoa makaa ya chini, uyahamishie juu ya mfuniko, ungoje dakika kumi.

Na ule mfuko uliobaki? Usiutumie hata kuwashia mkaa. Moshi wake nao una sumu.