Wachezaji 144, jua moja

Mwishoni mwa Februari jua huchomoza Nairobi mnamo saa 12:40 asubuhi na kuzama mnamo saa 12:45 jioni. Kwa mkazi wa jiji hilo hakuna la ajabu hapo. Kwa wanaoandaa Magical Kenya Open, mashindano makubwa kuliko yote ya gofu ya kulipwa Afrika Mashariki, hiyo ndiyo hesabu ya kwanza kupigwa, kabla ya fedha, kabla ya mahema, kabla ya kamera. Scotland mwezi Juni hupata mwanga wa zaidi ya saa 17. Nairobi, jirani ya ikweta, ina saa 12 na dakika chache, na ndani ya saa hizo kila mchezaji lazima amalize mashimo yake 18.

Chukua wachezaji 144, idadi ya kawaida kwa mashindano ya ngazi hii. Siku mbili za mwanzo, Alhamisi na Ijumaa, hupangwa watatu watatu, kwa hiyo ni makundi 48. Nusu yao hutoka asubuhi na nusu mchana. Kila nusu hugawanywa tena: makundi 12 huanzia shimo la kwanza na mengine 12 shimo la kumi. Kundi la kwanza likipiga saa 12:45, na mengine yakifuata kila baada ya dakika 11, la mwisho la asubuhi litaondoka saa 2:46. Raundi ya watu watatu katika uwanja mgumu hula karibu saa tano. Zamu ya mchana ikianza saa 5:45, kundi lake la mwisho litaondoka saa 7:46 na kumaliza saa 12:46 jioni, jua likiwa ndiyo kwanza limetua. Na hiyo ni siku ambayo hakuna kilichoharibika.

Mambo huharibika. Mpira ukipotelea kwenye majani marefu, kanuni mpya zilizoanza kutumika mwaka 2019 zinampa mchezaji dakika tatu za kuutafuta badala ya tano za zamani. Usipoonekana, hurudi alikopigia na kupiga tena akiwa ameongezewa pigo moja la adhabu, huku makundi ya nyuma yakirundikana. Ndiyo maana kando ya njia za mchezo husimamishwa watu ambao kazi yao ni moja tu: kuukazia mpira macho mpaka utulie, kisha kuonyesha ulipo. Wengi wao ni wa kujitolea, na hushinda juani siku nzima. Waamuzi nao hutembea na saa mkononi. Kundi likichelewa hupimwa, na kila mchezaji huwa na sekunde 40 za kupiga, au 50 kama ndiye wa kwanza kupiga kutoka eneo lile.

Halafu kuna mvua. Masika ya Nairobi hujongea kadiri Machi inavyosonga, na radi ikikaribia hupulizwa king'ora kimoja kirefu. Hapo mchezo husimama papo hapo. Hata aliyebakiza pigo la hatua moja haruhusiwi kulimaliza. Saa moja ikipotea Alhamisi mchana, makundi kadhaa hurudi Ijumaa alfajiri kumaliza raundi ya jana, na ratiba yote ya Ijumaa husukumwa. Ijumaa ndiyo siku ya mchujo, ambapo wachezaji 65 bora na waliofungana nao huendelea na waliobaki hufunga mikoba. Mchujo ukichelewa, Jumamosi haina orodha ya makundi. Mwaka 2022 na 2023 mashindano haya yalichezwa mwanzoni mwa Machi. Mwaka 2024 na 2025 yalichezwa Februari, mbali zaidi na mawingu.

Mashindano yenyewe ni ya zamani. Kenya Open ilichezwa mara ya kwanza mwaka 1967 katika klabu ya Muthaiga, na kwa miaka mingi ilikuwa kituo kimojawapo cha safari ya wachezaji wa Ulaya waliokuja Afrika kukimbia baridi ya kwao. Seve Ballesteros wa Uhispania alishinda hapa mwaka 1978. Mwaka uliofuata akatwaa The Open ya Uingereza. Ian Woosnam wa Wales alishinda mwaka 1986, akaja kuvaa koti la kijani la Masters mwaka 1991. Trevor Immelman wa Afrika Kusini alishinda mwaka 2000, na Masters yake ikaja 2008. Kuanzia mwaka 1991 Kenya Open ilikuwa katika ngazi ya pili ya gofu ya Ulaya, mahali vijana wanapojijengea jina, mpaka mwaka 2019 ilipopandishwa ngazi ya kwanza kwa zawadi za euro milioni 1.1. Guido Migliozzi wa Italia ndiye aliyelichukua kombe mwaka huo, katika klabu ya Karen.

Kupanda ngazi kulibadili kazi. Haki za mashindano ziko mikononi mwa kampuni ya Kenya Open Golf Limited, ziara ya gofu ya Ulaya, inayosimamia mfululizo wa mashindano ya ngazi hiyo, huleta waamuzi na masharti yake, na klabu mwenyeji hutoa uwanja. Pande hizo tatu hulazimika kukubaliana juu ya mambo ambayo mtazamaji hayaoni: majani ya pembeni yaachwe yarefuke kiasi gani, njia za mchezo zibanwe wapi, wanachama waanze lini kuzuiwa kucheza. Mwanachama anayelipa ada mwaka mzima humwomba mwenye uwanja maelezo, na ana haki.

Nyasi ndizo zinazokula muda mrefu zaidi. Eneo la kijani lenye shimo hukatwa na kubanwa mpaka mpira uteleze kwa kasi inayotakiwa, na kasi hiyo haikadiriwi kwa macho. Hutumika Stimpmeter, kifereji cha alumini chenye urefu wa sentimita 91, ambamo mpira huachiwa na umbali unaoviringika hupimwa kwa futi. Kila alfajiri, kabla ya kundi la kwanza, watunza uwanja hukata mashimo mapya yenye kipenyo cha milimita 108 mahali pengine kabisa, huziba ya jana, hupiga pasi nyasi na kufagia umande. Wanafanya hivyo kwa mashimo yote 18 gizani, kwa taa, siku nne mfululizo. Ukitaka kujua kama mashindano yataenda vizuri, waangalie hawa kabla hujaangalia jukwaa la wageni mashuhuri.

Kati ya klabu wenyeji, Muthaiga iko kando ya msitu wa Karura. Karen, iliyofunguliwa mwaka 1937, imekaa juu ya ardhi iliyokuwa shamba la kahawa la Karen Blixen. Zote ziko mita 1,700 hivi au zaidi juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na mpira huruka mbali zaidi kwa karibu asilimia 10. Mgeni aliyezoea kupiga mita 150 kwa fimbo fulani huukuta mpira umepita shimo na kuangukia mchangani. Hapo ndipo kedi wa Nairobi anapokuwa mwalimu. Anaujua upepo wa saa nane, anajua mteremko usioonekana, na anabeba mkoba wenye fimbo zisizozidi 14, maji, mwavuli na hofu za tajiri wake.

Hakuna mpango uliowahi kujaribiwa kama wa mwaka 2020. Mashindano yalikuwa yaanze Karen tarehe 12 Machi. Tarehe 6, serikali ya Kenya ilisimamisha kwa mwezi mmoja mikutano yote ya kimataifa kwa sababu ya korona, na siku sita kabla ya pigo la kwanza kila kitu kikaahirishwa. Kisa cha kwanza cha ugonjwa huo nchini kilitangazwa tarehe 13, siku ambayo ingekuwa ya mchujo. Hatimaye mwaka ule ulipita bila Kenya Open.

Jibu la waandaaji la mwaka 2021 linastahili heshima kubwa kuliko lilivyopewa. Badala ya shindano moja waliandaa mawili mfululizo katika uwanja uleule wa Karen, bila watazamaji. Justin Harding wa Afrika Kusini alishinda Kenya Open Jumapili ya tarehe 21 Machi. Jumanne yake likaanza la pili, Kenya Savannah Classic, nalo likaisha Ijumaa ya tarehe 26 kwa mashimo ya ziada, Daniel van Tonder, naye wa Afrika Kusini, akimshinda Jazz Janewattananond wa Thailand. Ijumaa hiyohiyo Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufungwa kwa Nairobi na kaunti nyingine nne. Shindano la pili lingepangwa siku mbili mbele, lingekutana na amri hiyo likiwa katikati.

Fedha zimeendelea kukua. Mwaka 2022, Ashun Wu wa China aliposhinda Muthaiga, zawadi zilikuwa dola milioni 2. Mwaka 2025 zilifika milioni 2.5, na Jacques Kruyswijk wa Afrika Kusini akaondoka na asilimia 17 yake, dola 425,000. Asiyevuka mchujo hagusi zawadi hizo, ingawa tiketi ya ndege, hoteli na kedi amelipa mwenyewe. Jina la Magical Kenya lililo kwenye mabango ni la kuutangaza utalii, benki ya Absa inaunga mkono, na siku ya Jumatano wadhamini huingia uwanjani kucheza pamoja na wataalamu. Raundi hiyo ya Jumatano huonekana kama burudani ya matajiri. Bila hiyo wadhamini wengi wasingerudi mwaka wa pili.

Lakini kuna hesabu nyingine, na juu ya hesabu hiyo waandaaji wanapaswa kubanwa kuliko juu ya mahema na kamera. Katika mashindano yote ya kuanzia 1967 hadi 2025, hakuna Mkenya aliyeshinda Kenya Open. Aliyekaribia ni Jacob Okello mwaka 1998, alipofungana na Ricardo González wa Argentina na kushindwa katika mashimo ya ziada. Kila mwaka wenyeji hupewa nafasi za mwaliko, na kila mwaka wengi wao huondoka Ijumaa jioni. Kipaji wanacho. Wanachokosa ni raundi za ushindani. Mpinzani wao kutoka Ulaya au Afrika Kusini anapotua Nairobi ameshacheza wiki kadhaa mfululizo chini ya presha ileile, na mwenyeji hawezi kuziba pengo hilo kwa mazoezi ya wiki mbili.

Waandaaji wamelitambua hilo. Walianzisha Safari Tour, mfululizo wa mashindano ya wachezaji wa kulipwa wa Kenya na nchi jirani, ambao pointi zake ziliamua nani apate nafasi ya Kenya Open. Mwaka 2024 wakaingia ubia na ziara ya Afrika Kusini, na mashindano ya kukuza vipaji yakaanza kuchezwa katika viwanja vya kanda hii. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hiyo ndiyo kazi kubwa zaidi waliyowahi kuifanya, na ndiyo inayopaswa kupewa fedha kwanza bajeti inapobana.

Klabu nazo zina sehemu yao. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya walianza wakiwa makedi, wakijifunza kwa kutazama na kwa fimbo za kuazima. Katika klabu nyingi makedi hupewa Jumatatu tu ya kucheza. Uwanja uliotengenezwa kwa gharama kubwa hivyo, wenye nyasi zilizokatwa kwa vipimo vya Ulaya, unabaki katika hali yake bora kwa wiki mbili tatu baada ya Jumapili ya fainali. Wafungulieni makedi uwanja huo wiki hizo, asubuhi za Jumanne na Jumatano wakati wanachama wako maofisini, na mwalimu wa klabu awe nao pale.