Dola Isiyotajwa Jina: Marekani na Taiwan (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza jinsi Umoja wa Mataifa, tarehe 25 Oktoba 1971, ulivyokitoa kiti cha China mikononi mwa serikali ya Taipei na kukikabidhi kwa ile ya Beijing, kwa kura 76 dhidi ya 35, na jinsi ujumbe wa Tanzania, ukiwa na balozi wake kijana Salim Ahmed Salim, ulivyoshangilia ukumbini waziwazi. Wako wanaoamini kuwa shangwe ile ndiyo iliyolipizwa mwaka 1981, Marekani ilipomzuia Salim kwa kura ya turufu asiwe Katibu Mkuu. Leo tuingie katika swali lililo kavu zaidi, na kwa maoni yangu lenye faida zaidi: serikali iliyoacha kuitambua dola fulani, na kulitangaza jambo hilo mbele ya walimwengu wote, huwezaje kuendelea kufanya biashara nayo, kuiuzia silaha, na hata kuipa idhini ya kushtaki na kushtakiwa katika mahakama zake?

Rais Jimmy Carter alitangaza tarehe 15 Desemba 1978 kwamba, kuanzia mwaka mpya, Marekani ingeitambua Beijing kuwa ndiyo serikali halali ya pekee ya China, kwamba uhusiano wa kibalozi na Taipei ungekatika siku hiyo hiyo, na kwamba mkataba wa kulindana wa mwaka 1954 ungekoma baada ya notisi ya mwaka mmoja. Kutambua au kutotambua ni mamlaka ya Rais, na Seneta Barry Goldwater, aliyekwenda mahakamani kudai kuwa mkataba haukufaa kuvunjwa bila ya ridhaa ya Seneti, aliona kesi yake ikitupwa na Mahakama Kuu mwezi Desemba 1979. Lakini Rais akishanena, hubaki maelfu ya mambo ambayo tamko lake haliyatatui: mfanyabiashara wa Taipei anayedai fedha zake mjini New York, mwanafunzi anayetaka viza, mikataba ya usafiri wa ndege, majengo na amana za serikali ambayo sasa, katika macho ya sheria, haipo.

Mswada aliouleta Carter mwezi Januari 1979 ulikuwa mwembamba mno, umeshughulika na uendeshaji wa ofisi na kunyamaza kimya juu ya ulinzi wa kisiwa. Wajumbe wa Kongresi, ambao wengi wao walikasirika kwa kutoshauriwa, waliukunjua, wakaujaza, na wakaupitisha kwa kura 339 dhidi ya 50 katika Baraza la Wawakilishi na 85 dhidi ya 4 katika Seneti. Carter akautia sahihi tarehe 10 Aprili, nao ukahesabiwa kuwa umeanza tarehe 1 Januari, ili pasipatikane hata siku moja ambayo kisiwa kile kilikaa bila ya sheria inayokihusu.

Aghalabu watu wakiitaja sheria hii huzungumzia silaha, na ni kweli kwamba imeagiza Taiwan ipatiwe silaha za kujihami kwa kadiri ya mahitaji yake. Mimi naona nguvu yake hasa iko katika kifungu cha nne, ambacho hakisomwi na wapenda vita. Humo imeamriwa kwamba kukosekana kwa uhusiano wa kibalozi kusibadili chochote katika matumizi ya sheria za Marekani juu ya Taiwan, na kwamba popote sheria hizo zinapozitaja nchi za kigeni, mataifa au serikali, Taiwan ihesabiwe imo. Mikataba iliyokuwapo mwisho wa 1978 ikaachwa iendelee, na mali ya watawala wa kisiwa ikabaki yao. Hivyo Marekani ikawa kama mume aliyetoa talaka hadharani, kisha kila mwezi akapeleka masurufu nyumba ile ile.

Kazi za ubalozi zilikabidhiwa shirika lililoandikishwa mjini Washington kwa sheria za watu binafsi, yaani American Institute in Taiwan, na watumishi wa serikali wakaruhusiwa kutoka kazini kwa muda, wakatumikia huko, kisha wakarudi vyeoni bila ya kupoteza haki zao. Upande wa pili nao haukukosa hila. Jumba la Twin Oaks, makao ya miaka mingi ya mabalozi wa Taipei, liliuzwa katika siku za mwisho za uhusiano kwa dola 10 tu kwa jumuiya ya marafiki, ili lisiangukie mikononi mwa Beijing, na mwaka 1982 likarejea kwa wenyewe.

Kuhusu vita, sheria haikuahidi kitu. Inasema kuwa jaribio la kuamua hatima ya Taiwan kwa njia isiyo ya amani litakuwa jambo la kuitia Marekani wasiwasi mkubwa, na Rais ashauriane na Kongresi. Askari hawakutajwa kuwa watakwenda. Utata huo ulikusudiwa.

Sheria zilizofuata zina sauti kubwa na meno machache. Ile ya Machi 2018, iliyopita bila mpinzani, yahimiza maofisa wa vyeo vyote watembeleane. Lakini ni himizo, kwa kuwa Kongresi haiwezi kumpandisha waziri ndege kwa nguvu. Ile ya Machi 2020 yaitaka serikali ifikirie kuzidisha uhusiano na nchi zinazoikurubia Taipei na kuupunguza kwa zile zinazoiacha. Kwa bara letu ilichelewa: Burkina Faso ilikuwa imekwisha kuondoka mwaka 2018, na Eswatini ikabaki peke yake.

Hata hivyo mwaka huo huo wa 2020 Taipei ilibadilishana ofisi za uwakilishi na Somaliland, serikali ambayo wakati huo haikuwa imetambuliwa na dola yoyote mwanachama wa Umoja wa Mataifa. Mambo ya Hargeisa, na hasira yaliyoiamsha Mogadishu na Beijing kwa pamoja, tumeyaweka kwa sehemu ya tatu.